Bizari nzima, ya unga au ya pakiti: ushuru unaoishia kwenye sufuria

Kwenye maduka ya rejareja kuanzia Magomeni Mapipa hadi Mwembechai, bizari nyembamba inauzwa kwa namna tatu. Kuna pakiti ndogo zinazoning'inia ukutani, kuna ya unga inayochotwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo, na kuna nzima inayopimwa kwa kikombe. Bei ikipanda, muuzaji ana jibu moja kwa zote tatu: "Ushuru, mama. Mzigo unatoka India huo."

Jibu hilo si la uongo. Ila ushuru wa kilo moja ya bizari unajulikana, unaandikwa kwenye kitabu, na mtu akishika kalamu anaweza kuona sehemu gani ya bei ni ya Serikali na sehemu gani ni ya watu wengine waliopitia njiani. Nimefanya hesabu hiyo, na nimetoka na msimamo: mtu wa Magomeni anayelalamikia ushuru huku akinunua pakiti anamlaumu asiyehusika.

Tuanze na kitabu chenyewe. Bidhaa yoyote inayoingia nchini hupewa namba kufuatana na mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ule unaosimamiwa na Shirika la Forodha la Dunia kutoka Brussels. Mfumo huo hupitiwa upya kila baada ya miaka michache, na toleo linalotumika sasa lilianza Januari 2022. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza 2 zake na mbele yake inaandika kiwango cha ushuru. Namba hiyo ndiyo wakala wa forodha anayoijaza kwenye tamko la mzigo, na hapo ndipo kodi inapoamuliwa, kabla hata gunia halijafunguliwa.

Viungo viko sura ya 9, nyumba moja na kahawa na chai. Pilipili manga na pilipili kavu ziko 0904, vanila 0905, mdalasini 0906, karafuu 0907. Kungumanga na iliki zinakaa pamoja 0908. Namba 0909 ni ya mbegu za viungo: giligilani, bizari nyembamba, bizari tamu na jamaa zao. Mwisho ni 0910, yenye tangawizi, zafarani, manjano, majani ya bay na mchanganyiko wa bizari, pamoja na vile visivyo na pa kwenda, uwatu ukiwemo.

Jikoni tunaviita vyote viungo, lakini forodha haikubali kirahisi hivyo. Kitunguu saumu ni mboga, kwa hiyo kiko sura ya 7, hata kikikaushwa na kusagwa. Ufuta na haradali ni mbegu za mafuta, sura ya 12. Lakini haradali hiyo hiyo ikiwa unga inahamia sura ya 21, pamoja na sosi. Pilipili mbichi ni mboga, ikikauka inakuwa kiungo. Tangawizi yenyewe imepewa heshima ya kubaki 0910, mbichi au kavu. Ukitaka kumchosha wakala mpya wa forodha, mpe katoni moja yenye vitu hivi vyote kwa kilo mbili mbili.

Sasa viwango. Tangu Umoja wa Forodha uanze Januari 2005, Jumuiya ilikuwa na madaraja matatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa iliyokwisha kuwa tayari kwa mlaji. Tarehe 5 Mei 2022 mawaziri walikutana Mombasa wakaongeza daraja la nne, asilimia 35, lililoanza kutumika Julai 1 mwaka huo. Kwenye orodha ya makundi yaliyopelekwa huko, kahawa, chai na viungo vilitajwa, pamoja na nyama, maziwa, samani, maua na vingine. Kwa hiyo muuzaji anayesema ushuru umepanda ana la kushika. Jambo la kuangalia ni kwamba kila Juni, baada ya hotuba za bajeti, gazeti la Jumuiya hutangaza nchi gani imeruhusiwa kutofuata kiwango cha pamoja kwa bidhaa gani, aghalabu kwa mwaka mmoja. Kiwango alichokisikia mtu Nairobi si lazima kiwe ndicho cha Dar es Salaam, na cha mwaka jana si lazima kiwe cha mwaka huu.

Tufanye hesabu kwa viwango vyote viwili. Chukua kilo moja ya bizari nyembamba iliyofika Bandari ya Dar es Salaam ikiwa na thamani ya shilingi 10,000, yaani bei ya kununulia, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Namba hiyo ni ya mfano, nimeichagua kwa wepesi wake. Weka ya kwako. Kwa asilimia 25, ushuru ni shilingi 2,500. VAT ya asilimia 18, kwa bidhaa isiyo kwenye orodha ya msamaha, hupigwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, siyo juu ya thamani peke yake: asilimia 18 ya 12,500 ni 2,250. Kilo inatoka bandarini kwa shilingi 14,750. Kwa asilimia 35, ushuru unakuwa 3,500, VAT 2,430, na kilo inatoka kwa 15,930. Tofauti ya madaraja mawili ni shilingi 1,180 kwa kilo. Zipo na tozo ndogo ndogo, kama ada ya kuchakata nyaraka za forodha ya asilimia 0.6 ya bei ya kununulia, na tozo ya reli iliyoanzishwa 2015, lakini hazibadilishi picha.

Shilingi 1,180 kwa mwenye kontena ni fedha ya kugombania. Kwa mpishi je? Pilau ya kilo moja ya mchele inataka kama gramu 15 za bizari nyembamba, kwa mkono wangu. Kodi yote iliyomo humo, ushuru na VAT kwa kiwango cha juu, haifiki shilingi 90. Kupanda kutoka daraja la 25 hadi 35 kumeongeza chini ya shilingi 18 kwenye sufuria nzima.

Halafu angalia pakiti. Ukikuta pakiti ya gramu 10 inauzwa shilingi 500, umenunua bizari kwa shilingi 50,000 kilo. Kodi ya forodha ndani yake ni kama shilingi 60. Shilingi 440 zilizobaki ni bizari yenyewe, kusaga, karatasi inayong'aa, chapa, usambazaji na faida ya watu watatu au wanne. Siwalaumu, pakiti inamfaa mwenye shilingi 500 mkononi na sufuria tayari jikoni, na kuna siku hiyo fedha ndiyo iliyopo. Lakini kinachomuumiza ni udogo wa kipimo, na hapo forodha haina mkono.

Geuza pakiti usome uzito kabla ya kusoma jina. Pakiti mbili zenye upana sawa na bei sawa zinaweza kutofautiana gramu kadhaa, na gramu zimeandikwa kwa herufi ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi ile, pengine zimepita chini ya mshono. Gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Simu ya kitochi inatosha.

Nzima na ya unga, je? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu toleo la 2012 la mfumo ule wa dunia, viungo vingi vimetenganishwa: bizari nyembamba nzima ni 0909.31, iliyosagwa ni 0909.32, giligilani nzima 0909.21, iliyosagwa 0909.22, iliki nzima 0908.31, unga wake 0908.32. Ni ndugu wa baba mmoja wanaolala vyumba tofauti. Nchi inayotaka kulinda vinu vyake inaweza kuweka kiwango kidogo kwa nzima na kikubwa kwa unga. Jumuiya yetu haikujenga ulinzi wake juu ya tofauti hiyo, kwa sababu shabaha ya daraja la juu ni kiungo chenyewe: Tanzania, Uganda na wengine wanalima. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba bei ya unga kuwa juu ya nzima ni habari ya kinu na imani, siyo ya bandari.

Na imani ndiyo inayonitoa kwenye unga. Bizari nzima unaiona, unaitafuna, vijiti na mchanga vinajionyesha. Unga unaficha. Bangladesh iliwahi kukumbwa na kashfa ya manjano yaliyotiwa kromati ya risasi ili yang'ae, jambo lililotangazwa na watafiti mwaka 2019, na manjano ya kusagwa ndiyo yaliyobeba sumu hiyo hadi mezani. Aprili 2024 Hong Kong na Singapore zilizuia baadhi ya masala ya pakiti kutoka India kwa ajili ya mabaki ya ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua vijidudu. Hapa kwetu kazi ya kuangalia usalama wa chakula ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Kwa hiyo kwenye pakiti tafuta alama ya TBS, jina na anwani ya aliyefungasha, na tarehe. Kwenye kopo la kijiko hakuna cha kutafuta. Hapo unamwamini muuzaji, basi.

Masala ya pilau yana kesi yake. Kanuni iliyo mwanzoni mwa sura ya 9 inasema hivi: ukichanganya viungo vya namba moja, mchanganyiko unabaki kwenye namba ile, ukichanganya vya namba tofauti, tuseme karafuu, iliki na bizari, unaingia 0910 kwenye mstari wa michanganyiko, 0910.91. Kuongeza kitu kingine kidogo hakuharibu neno, mradi asili ya kiungo ibaki. Lakini chumvi, wanga na viongeza ladha vikizidi mpaka kile kitu kisiwe tena kiungo, kinahama kwenda 2103, kwenye sosi na vikolezo vilivyochanganywa. Vile vidonge vya supu viko 2104. Mpaka uko wapi? Kitabu hakitaji asilimia. Ofisa wa forodha anasoma viambato, na mara nyingine sampuli inakwenda maabara. Mabishano ya namba hii moja yanaweza kukalisha mzigo bandarini, na gharama za kukaa huko zinalipwa na mpishi mwishowe.

Mlaji anaweza kuuazima mtihani huo huo bure. Viambato kwenye pakiti huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Masala ambayo neno lake la kwanza ni chumvi au wanga wa mahindi, kwa macho yangu ni chumvi yenye harufu, na chumvi inajulikana bei yake. Ukichukua nzima tano, bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu, ukazikaanga kidogo bila mafuta na kuzisaga, unapata masala ya miezi miwili kwa gharama ambayo pakiti haiwezi kushindana nayo. Majirani wawili watatu wakichanga, mmoja akapanda mwendokasi hadi Gerezani na kuingia Kariakoo kununua kwa kilo, nauli inagawanyika na bei ya jumla inapatikana. Kwenda Kariakoo kwa ajili ya robo ya bizari peke yake ni kupunguza bei kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa nauli.

Kuna viungo ambavyo havipaswi kubeba hadithi ya bandari hata kidogo. Iliki na pilipili manga zinalimwa Muheza na milima ya Usambara, na Uluguru huko Morogoro. Tangawizi inatoka Same. Karafuu ni Unguja na Pemba, ambako shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ZSTC, ndilo mnunuzi, na Morogoro pia wanazo. Vanila iko Kagera. Hivi havina ushuru wa forodha. Muuzaji akikuambia iliki ya Morogoro imepanda kwa sababu ya ushuru, mwulize ushuru wa wapi. Ukweli wa kiuchumi, hata hivyo, ni kwamba ushuru wa iliki ya nje unampa mkulima wa ndani nafasi ya kupandisha bei yake hadi karibu na ile ya nje. Guatemala ndiyo inayotoa iliki nyingi duniani, na msimu wake ukiwa mbaya, bei ya Kariakoo inasikia. Ndiyo kazi ya ulinzi: mlaji anachangia ili mkulima abaki shambani. Mimi sina ugomvi na hilo kwa iliki. Kwa bizari nyembamba nina ugomvi, kwa kuwa tunayoila inatoka India, hasa Gujarat, na sioni ni mkulima gani wa Tanzania anayelindwa kwa kiasi cha kumtosheleza.

Bidhaa yenye asili ya nchi za Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha, kwa sharti la cheti cha asili. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani. Tanzania pia iko SADC, na hivyo mzigo wa Madagaska wenye cheti cha SADC una njia yake. India haina mkataba wa namna hiyo na sisi; bizari yake inalipa kiwango kamili.

Mdalasini unahitaji jicho la ziada. Kitabu kinatenganisha mdalasini wa kweli, 0906.11, na aina nyingine, 0906.19, ambamo mna ile kasia ya China, Vietnam na Indonesia. Kwa macho ni rahisi: wa kweli una magome membamba mengi yaliyokunjwa pamoja, unavunjika kwa vidole, kasia ni gome moja nene, gumu, lenye kujikunja pande mbili. Kasia ina kumarini nyingi zaidi, kemikali inayoweza kuumiza ini kwa mtu anayeila kwa wingi kila siku. Kwa pilau ya Ijumaa hakuna neno. Kwa anayekunywa chai ya mdalasini asubuhi na jioni kwa sababu kaambiwa inashusha sukari, alipie wa kweli. Ukishasagwa, wote wawili wanafanana, na hiyo ni sababu nyingine ya kununua mzima.

Wapo wenye ndugu Muscat, Dubai au Mumbai, na sanduku likija huwa na kilo mbili tatu za zafarani, iliki na masala. Sheria ya Forodha ya Jumuiya inampa abiria aliyekaa nje zaidi ya saa 24 msamaha wa vitu vyake binafsi hadi kikomo fulani cha thamani. Kilo mbili za iliki za nyumbani hazina shida. Katoni kumi za pakiti zinazofanana zitaitwa biashara, na ni biashara. Kwa anayeagiza zafarani kwa ndege kuna faida ndogo isiyotangazwa sana: kwa mzigo wa angani, nauli haihesabiwi kwenye thamani ya forodha. Kwa bidhaa nyepesi yenye bei kali, hiyo ni nafuu ya kweli.

Na akiwa na shaka na namba ambayo mzigo wake utapewa, mwagizaji anaweza kuomba Mamlaka ya Mapato, TRA, impe uamuzi wa uainishaji kabla hata hajaagiza. Mzigo ukishafika, ana siku 30 za kumwandikia Kamishna tangu uamuzi kutolewa, na baada ya hapo mlango wa Bodi ya Rufani za Kodi uko wazi. Wengi wa Kariakoo hawafiki huko kwa sababu mizigo yao inakuja imechanganywa na ya wenzao kwenye kontena moja, na aliyekusanya ndiye anayejaza fomu. Anawatoza kwa kilo au kwa ujazo. Mtu wa namna hiyo akikuambia bizari yake imelipiwa asilimia 35, huenda hajawahi kuiona karatasi. Habari ya mizigo hiyo ya kuchanganya ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023.

Zimebaki mbegu, na hapa ndipo kitabu kinapokuwa na utani. Mbegu za kupanda, mchicha, nyanya, kabichi, ziko 1209 kwa asilimia 0. Mtu angedhani giligilani ya kupanda nayo iko humo. Haimo. Maelezo ya sura ya 12 yanasema wazi kuwa viungo vya sura ya 9 havihesabiwi mbegu za kupanda hata kama vimekuja kupandwa. Giligilani inarudi 0909 pale pale penye ya mchuzi. Mwagizaji hupata nafuu kwa mlango mwingine: Jedwali la Tano la sheria ya forodha linasamehe mbegu zilizotibiwa maalumu kwa kupandwa, zikiidhinishwa na mamlaka za kilimo. Hapo tena kuna kibali cha TPHPA kwa afya ya mimea, na TOSCI ya Morogoro kwa ubora wa mbegu.

Kwa hiyo kwenye duka la pembejeo utalipa kwa gramu chache bei ambayo sokoni ingekupa robo kilo ya giligilani. Kwa mwenye bustani ya kuuza, lipa, na dai lebo ya TOSCI. Unanunua uhakika wa kuota na aina inayojulikana. Kwa mwenye ndoo mbili kibarazani, hata ghorofani Magomeni Kota, giligilani ya jikoni inatosha. Chagua ambayo haijakaangwa, iponde kidogo kwa kiganja itengane vipande viwili, iloweke usiku mmoja, ifukie kina cha kucha. Wiki mbili hivi utaona majani. Safari ya kurudi nyuma ndiyo isiyoruhusiwa: mbegu ya dukani yenye rangi nyekundu, buluu au kijani imepakwa dawa ya kuvu, na haioshwi ikawa chakula. Kama imebaki baada ya kupanda, iache kwenye pakiti yake, mbali na rafu ya viungo.